Mashine Ndani ya Mashine

2 Novemba 1994

Naanza kuandika kwa sababu nina hasira, na Fidèle mume wangu amechoka kunisikiliza. Ameniambia, "Andika, Fortunée. Karatasi haichoke."

Haya, naandika. Jumamosi mvua ya kwanza ya maana ilishuka na radi zake, na umeme wa bwawa la Mwadingusha ukakatika. Ulirudi Jumatatu. Nyumba zikawaka, redio zikaanza kupiga kelele, lakini kituo chetu cha maji hapa Panda hakikuamka. Pampu zote tatu zimelala. Kabati la chuma linaloziendesha linawasha taa yake ya kijani, linatoa mlio mmoja mfupi, halafu basi. Ndani ya kabati hilo kuna kompyuta ndogo isiyo na kioo wala vibonye. Kazi yake ni kufungua valvu na kuwasha pampu kwa mpangilio. Tangu nianze kazi hapa haikuwahi kuzimika hata kidogo, maana chini ya sakafu kulikuwa na betri za kuishikilia umeme unapokwenda. Betri ziliibwa mwezi wa nane. Kila kitu kinaibwa siku hizi, sijui kwa nini nilitegemea betri zisalimike.

Mimi ni fundi wa elektroniki wa kituo, na sasa nimebaki peke yangu. Mhandisi aliyeandika programu ya kabati, papa Tshimanga, aliondoka mwaka jana na treni za watu wa Kasai, baada ya familia yake kulala wiki na wiki stesheni pamoja na wengine waliofukuzwa majumbani mwao kwa sababu ya asili yao. Hatukumuaga vizuri. Watu waliogopa kuonekana wakimuaga.

4 Novemba

Chef wetu, mkuu wa kituo papa Athanase, ameamua tuwashe kwa mkono. Nilimkataza. Akawasha. Valvu ikajifunga ghafla, maji yakarudi nyuma kwa kishindo, na bomba kuu likapasuka karibu na kambi ya wafanyakazi. Tumeliziba kwa kipande cha mwisho tulichokuwa nacho stoo. Kutoka Lubumbashi wametuma amri: kuwasha kwa mkono ni marufuku.

7 Novemba

Mvua. Ndoo zote za nyumbani ziko nje.

12 Novemba

Leo nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe maneno yanayozunguka Panda. Papa Athanase alikuwa mlangoni na walinzi, na hakujali kwamba nasikia.

"Ile mashini haikukufa bule," alisema. "Tshimanga alituachia mutego. Muntu mwenye akili vile, unamufukuza, unawaza ataenda tu sawa kondoo?"

"Papa chef," nikamwambia, "mutego gani inangojea mwaka muzima na nusu?"

"Minye siyue, mimi hapana fundi. Weye njo fundi. Itafute."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Ila nitasema ukweli hapa, maana ni karatasi yangu: maneno hayo yamenikaa kichwani. Papa Tshimanga alikuwa na haki ya kutukasirikia. Katika nyumba yake ya Panda, yenye robine ya maji uani ambayo aliiunga mwenyewe, sasa anakaa binti wa papa Athanase.

16 Novemba

Watoto wa jirani yetu Joëlle wamelazwa wote wawili. Tumbo. Walikunywa maji ya kijito.

21 Novemba

Ujumbe kwa phonie, ile redio ya mawasiliano: mwisho wa Februari mhandisi Urbain atakuja na lori kung'oa pampu zetu. Zitapelekwa mji mwingine ambako umeme upo na mashine inafanya kazi. Papa Athanase alisikiliza amesimama, kisha akaketi. Amekaa kituo hiki tangu akiwa kijana wa kupaka mafuta. Kama si yale maneno yake kuhusu Tshimanga, ningemhurumia.

Zikiondoka pampu hizo, hazirudi. Panda yote inajua hivyo. Mimi nasema haziondoki.

26 Novemba

Nimepata njia! Niache niiandike taratibu nisije nikajichanganya mwenyewe.

Kabati haliongei. Siwezi kujua kama moyo wake umechomwa na radi, au programu ina mtego, au nini. Halina kioo, halina dirisha, na kipuri hakuna. Lakini programu imeandikwa katika chips nne, vidude vidogo vya kumbukumbu ninavyoweza kuvichomoa, na katika karakana kimebaki kifaa cha kuzisomea. Basi nitazisoma, na katika kompyuta ya kawaida nitaunda mashine ya kuigiza: mashine isiyo ya chuma, ya hesabu tupu, inayofanya kila hatua kama ile ya kabati ingefanya. Programu ya papa Tshimanga itatembea humo ndani na haitajua kwamba imehamishwa. Nyaya za kabati nitaziunganisha kwenye mlango wa printa wa kompyuta, ili mashine ya ndani ione kina cha tangi na hali ya valvu kama kawaida. Kama kuna mtego, utafyatuka ndani ya kompyuta, bila kugusa pampu.

Kompyuta? Sista wetu, Ma Sœur Mathilde, anayo moja shuleni kwake, ya kuandikia mitihani.

28 Novemba

Ma Sœur Mathilde amekubali. Alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akauliza swali moja tu: "Mayi itafika ku internat?" Nikasema itafika hadi bwenini. "Alors basi, beba. Lakini Pasaka nataka mashini yangu, na mayi yangu."

Fidèle aliibeba kwa baiskeli, imefungwa katika blanketi letu. Watu walidhani tunahama.

10 Desemba

Naandika kwa Pascal, lugha ya kompyuta niliyofundishwa chuoni. Kila agizo la prosesa ya kabati naliandikia kifungu chake. Kujumlisha, kulinganisha, kuruka mbele, kurudi nyuma. Umeme unakuja na kwenda. Ukija asubuhi nakimbia kituoni hata uji sinywi.

17 Desemba

Leo Jumamosi, kikundi cha maombi cha mama Albertine kimeimba tangu mchana katika banda kubwa la kituo. Walipopoteza ukumbi wao mwanzoni mwa mwaka, papa Athanase, ambaye ni mmoja wao, aliwapa banda. Wametundika ukutani kitambaa cheupe kikubwa chenye maneno ya dhahabu. Wanaimba vizuri, siwezi kukataa, ingawa karakana yangu iko upande wa pili wa uwanja na bado nasikia kila amina.

Mama Albertine alinipitia dirishani. "Fortunée, shiye tunaombea mashini, weye unaiandikia. Tutaona nani atashinda."

"Tushinde bote, mama."

"Ah, Bakatoliki! Munajua kujibu."

Jambo moja nimelikumbuka nikiwasikiliza. Zamani kengele ya zamu ilikuwa inakata kichwa. Mlinzi hutakiwa kubonyeza kitufe kila nusu saa kuonyesha kwamba yupo na hajalala, asipobonyeza inalia. Mwaka huu haikulia hata mara moja. Walinzi wetu wamekuwa watu wa bidii.

25 Desemba

Noeli. Kuku mmoja, furaha nyingi. Joëlle amekuja na watoto wake wote wawili, wamepona, wamekonda.

8 Januari 1995

Imewaka! Mashine ya ndani imewaka! Nimebonyeza, taa ya kijani ambayo mimi mwenyewe niliichora kwenye kioo ikaja, mlio mmoja mfupi ukatoka.

Halafu kimya. Ni kimya kilekile cha kabati.

Nilitaka kuitupa kompyuta ya masista dirishani. Baadaye, njiani kurudi nyumbani, nikaona kwamba ni habari njema. Nimetengeneza nakala inayokwama mahali palepale. Basi radi haikuua kitu. Shida iko katika programu, au katika kile ambacho programu inakiona.

Halafu nikakumbuka neno la papa Athanase, mtego, na furaha ikapungua.

13 Januari

Nimejaribu kuifanya programu yenyewe iseme iko wapi. Nimechomeka katikati yake maagizo yangu ya kuandika kwenye kioo. Imeharibika kabisa. Nikiingiza maneno yangu, kila kitu kinasogea nafasi, na miruko yake inaangukia pasipo. Sasa haikwami pale, inakwama kwingine kwa sababu yangu. Wiki nzima imepotea.

15 Januari

Mvua. Kichwa kinauma.

21 Januari

Nimekwenda shambani na Fidèle, barabara ya mto Lufira, kurudishia mahindi pale ambapo mbegu zimeoza. Kwenye mstari niliopanda juzi sikuona kitu, nikachimbua kwa kidole kutazama.

"Weye mwanamuke! Unachimbua muhindi juu ya nini?"

"Nataka kuona kama inamea."

"Ilikuwa inamea. Sasa umeikata muzizi. Simama inje, tazama, ngojea!"

Niliganda pale, tope hadi kwenye magoti. Simama nje, tazama. Mume wangu alifikiri amenikosea adabu, akaanza kunibembeleza. Nikambusu mbele ya wakulima wote.

Mashine ya ndani haina siri kwangu! Ni mimi niliyeiumba. Kila kisanduku chake cha kumbukumbu, kile kinachobeba namba ya sasa, vile vya alama, na hasa kile tulichofundishwa kukiita compteur ordinal, kinachoshika anwani ya agizo linalofuata, vyote vimo katika kumbukumbu ya kompyuta ya Ma Sœur. Sina haja ya kuiuliza programu chochote. Nasoma kutoka nje, mashine ya nje ikiitazama ya ndani, na ya ndani haijui kama inatazamwa.

28 Januari

Siku mbaya kuliko zote.

Dirisha langu la kusomea lilikuwa tayari. Kila sekunde linaonyesha visanduku vyote vya mashine ya ndani. Nilipowasha, nikaona compteur ordinal imeshika anwani ambayo haipo. Ni sehemu tupu, nje ya chips zote. Kwa nini programu safi iende mahali patupu? Nikajikuta nasema kwa sauti, "Papa Tshimanga, ulifanya nini?"

Papa Athanase alikuwa nyuma yangu. Sikumsikia akiingia. Aliweka mkono begani kwangu kama kwenye msiba, akatoka. Kabla ya jioni Panda nzima ilikuwa inasema Fortunée ameuona mtego kwa macho yake. Sokoni mwanamke mmoja alimtukana Tshimanga na watoto wake, akinitazama kama shahidi.

Kama nitathibitisha mtego, mimi ndiye nitakayekuwa nimemzika yule mzee, na pampu zitaondoka vilevile.

30 Januari

Nimesoma tena. Anwani nyingine ya ajabu. Kisha nyingine. Mtego haubadiliki badiliki hivyo.

2 Februari

Mjinga ni mimi, na sijawahi kufurahi hivi kuwa mjinga!

Anwani ya mashine ile ni namba ya vipande viwili, na programu yangu inaandika kipande kimoja, kisha cha pili. Dirisha langu lilikuwa linasoma wakati wowote linapotaka. Lilisoma mashine ikiwa katikati ya hatua: kipande kipya kimeingia, cha zamani hakijatoka. Namba niliyoiona haikuwahi kuwepo. Anwani ile tupu niliitengeneza mimi kwa haraka yangu ya kutazama.

Dawa yake: nisubiri hatua iishe, niisimamishe mashine ya ndani hapo hapo, nisome vyote kwa pamoja, kisha niiachilie iendelee.

Nimekwenda moja kwa moja sokoni kumtafuta yule mwanamke. Nikamwambia mbele ya wauza samaki kwamba niliyoyaona yalikuwa kosa langu, si mtego. Akasema, "Eh, mama, sasa tushike gani?" Nikamwambia ashike hii ya leo.

5 Februari

Jumapili. Umeme ulikuja wakati wa misa. Nilitoka kabla ya baraka, Mungu atanisamehe, Ma Sœur Mathilde sina hakika.

Nikaiwasha, nikaiacha ikwame, kisha nikaisimamisha kwenye ukingo wa hatua na kusoma. Compteur ordinal: 0047. Nikaisukuma hatua moja: 0049. Hatua nyingine: 004B, maana mashine ile huhesabu na herufi. Nyingine: 0047. Nikarudia, ikarudia. Ilikuwa hai! Haikukwama hata kidogo, inazunguka maagizo matatu tu, tangu mwezi wa kumi, bila kuchoka. Nikayasoma moja moja na kidole changu kikiyafuata kwenye kioo:

Soma mlango wa nyaya namba tano.
Tazama waya mmoja tu kati ya hizo.
Kama waya una umeme, rudi mwanzo.

Kwisha. Hakuna mtego, hakuna laana wala kisasi. Programu ya papa Tshimanga inasubiri waya mmoja uachwe na umeme, ndipo iendelee. Nimetazama kile kisanduku kinachobeba namba ya sasa: waya ule una umeme, kila mara, kila mara.

Nililia kidogo. Halafu umeme ukakatika, nikacheka.

7 Februari

Nitaandika yote, hata nikimaliza wino.

Asubuhi nilishika kipimo changu nikaufuata waya ule kutoka kabatini. Unatoka chini, unapita kwenye bomba la ukutani, unavuka uwanja chini ya ardhi, unaingia banda kubwa. Ilikuwa Jumanne, siku ya maombi. Nilipofika, akina mama walikuwa wamesimama macho yamefungwa, na bomba la waya linapanda ukutani moja kwa moja hadi nyuma ya kitambaa cheupe.

Nilingoja wamalize. Hawakumaliza. Nikaingia kwa kunyata, nikainua pembe ya kitambaa.

"Fortunée!" Sauti ya mama Albertine ilinyamazisha banda zima. "Weye Mukatoliki, leo umekuya kuokoka?"

"Hapana, mama. Ninafuata waya."

"Waya gani inapita mbele ya Mungu?"

Nikashusha kitambaa chote. Pale ukutani kilikuwepo kitufe cha zamu, kile cha kuonyesha kwamba mlinzi yupo. Kilikuwa kimebonyezwa hadi ndani, na juu yake umezungushwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, umefungwa fundo zuri la kazi.

Nikauliza nani alifunga. Hakuna aliyeficha. Mama Albertine alisema kwa heshima zake zote: "Ile kengele ilikuwa inatukatiza. Unaanza kuomba juu ya mugonjwa, krrrr! Unatoa ushuhuda, krrrr! Tulilomba papa chef. Njo akatufungia. Kwani ni mubaya?"

Papa Athanase alikuwa safu ya mbele, kofia mkononi.

Nikawaeleza hapo hapo, nikielewa na mimi huku nasema. Mashine ikiwa inatembea, kitufe kilichobanwa haikioni kibaya, inafikiri kuna mtu anabonyeza. Lakini inapowaka upya, kabla ya kugusa pampu hata moja, papa Tshimanga aliitaka ihakikishe kitufe kimeachwa, kisha kibonyezwe na mkono. Alijua watu. Alijua siku moja mtu atakibana. Hakutaka pampu ziwashwe na hakuna mtu kituoni, bomba lipasuke juu ya nyumba za watu. Miaka yote betri zilikuwepo, mashine haikuwahi kuwaka upya, kwa hiyo hatukukutana na swali lake. Betri zilipoibwa na radi ikapiga, iliuliza. Tangu Oktoba inauliza tu: kuko muntu?

Hakuna aliyesema amina. Papa Athanase alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

"Donc, kumbe mutego," alisema, "ni minye niliiweka."

Miezi yote hii nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kumwambia siku kama hii. Nilipomtazama, sikuyaona yalipo. Nilifungua fundo, nikautia mpira ule mfukoni, nikakimbilia karakana, na nusu ya kwaya nyuma yangu. Kwenye kioo, compteur ordinal ilikuwa imetoka kwenye 0047. Ilikuwa mbele, kwenye mzunguko mwingine, inasubiri mkono. Mama Albertine alirudi mbio bandani na gauni lake la Jumanne, akabonyeza. Mashine ya ndani ikafungua valvu ya kwanza ya hesabu, ikawasha pampu ya kwanza ya hesabu. Hakuna tone la maji lililotembea, na tulipiga vigelegele kana kwamba Lufira imeingia karakanani.

8 Februari

Nimerudisha chips na nyaya kabatini. Umeme hakuna.

14 Februari

Hakuna. Wanasema nguzo za mstari wa Mwadingusha zimeanguka.

19 Februari

Hakuna. Ma Sœur Mathilde amepita kuulizia mashine yake. Na maji yake.

24 Februari

Urbain amefika na lori na vijana wa spana. Nilimtarajia mtu wa kiburi. Ni mtu mpole, amechoka, viatu vyake vimepasuka. Nilimwonyesha kila kitu, anwani tatu, kitufe, mpira. Alisikiliza.

"Madame, ninakuamini," alisema. "Lakini kule banangoja hizi pampu, na kule pia batoto banakufa. Bila courant, bila umeme, hauwezi kunionyesha kintu. Minye nafungua."

Wakaanza na pampu ya tatu. Boliti za zamani zililia moja moja. Papa Athanase alishindwa kutazama, akaenda kusimama bandani mbele ya kitufe, peke yake. Akina mama wa maombi walikuja, bila kuitwa, na wanawake wengine wengi wa Panda na ndoo tupu, wakakaa uwanjani. Hawakuziba njia, hawakupiga kelele. Walikaa tu. Joëlle alikuwa na watoto wake mgongoni na mkononi.

Pampu ya tatu ilikuwa tayari imepanda lorini, na spana iko kwenye boliti ya kwanza ya pampu ya pili, ndipo taa ya mlango wa kituo ikapepesa. Ikazima. Ikawaka.

"Simamisheni!" Urbain ndiye aliyepiga kelele, si mimi.

Kabati likatoa taa ya kijani. Mlio mmoja mfupi. Nikapaza sauti kuvuka uwanja: "Papa chef! Bonyeza!"

Akabonyeza. Nilisikia valvu ikigeuka taratibu, kwa mpangilio wake, kama papa Tshimanga alivyoiagiza. Kisha pampu ya kwanza ikashika, sakafu ikatetemeka chini ya miguu yangu. Mshale wa presha ukapanda. Pampu ya pili ikashika, na yule kijana wa spana akaruka nyuma kama ameumwa.

Sina maneno ya uwanja ule. Niliona mama Albertine akimbeba Ma Sœur Mathilde juu juu, Mlokole na Mkatoliki, na sijui Ma Sœur alifika saa ngapi. Fidèle alinitupa hewani akanidaka vibaya. Nimechubuka kiwiko na sijali. Tulishinda! Tumeshinda!

Urbain aliondoka na pampu ya tatu. Nilikubali mwenyewe, mbili zinatutosha. Tulifunga mizigo yake vizuri kwa kamba, na wanawake wakajaza madumu yake maji ya safari.

25 Februari

Kikundi cha maombi kimegawana zamu za kitufe. Kengele ikilia katikati ya ushuhuda, aliye karibu anabonyeza na wote wanajibu amina. Mama Albertine anasema imewafundisha kufupisha.

3 Machi

Maji yamefika internat. Kompyuta imerudi, ndani ya blanketi letu. Blanketi amebaki nalo Ma Sœur.

11 Machi

Papa Athanase alikuja nyumbani asubuhi, amevaa suti, akaniomba nimsindikize kwenye phonie. Alikuwa ameuliza kwa watu wa soko, wakampatia habari: Tshimanga yuko Mwene-Ditu, kule Kasai. Tulingoja hadi mchana. Kibanda cha phonie hakina siri, kila aliye kwenye foleni anasikia pande zote mbili, na ukimaliza kusema lazima utoe zamu, "À vous".

"Papa Tshimanga, ni minye Athanase wa Panda. À vous."

Makelele ya hewa. Kisha sauti ile, ndogo, yenye kikohozi kilekile. "Nasikia. À vous."

"Pampu inatembea. Fortunée aliona mu mashini yako. Nilisemaka kwa bantu ati ulituachia mutego. Haikukuwa mutego. Ni minye nilifunga kitufe. Nilikuchafulia jina, na mutoto wangu anaikala mu nyumba yako. Nasema mbele ya bantu bote hapa. À vous."

Mwenye phonie akagusa vifungo vyake. Nilikuwa nimeushika mkono wa papa Athanase bila kujua.

"Mayi inafika mpaka ku parcelle yangu, kule nyumbani? À vous."

"Inafika, papa. Mpaka mu robinet ya inje. À vous."

"Basi waambie bafunge nguvu," alisema Tshimanga. "Ile robinet inavuja tangu zamani. Sikupata wakati ya kuitengeneza. À vous."

Papa Athanase akanipa kisemeo. Nikamwambia nitaitengeneza mimi.

12 Machi

Baada ya misa nilikwenda kwenye nyumba ile. Binti wa papa Athanase alinifungulia, akasimama kando. Robine ilikuwa inadondosha, tone, tone, na chini yake ardhi imechimbika shimo dogo. Nilikata maji, nikaifungua. Ndani, mpira wake ulikuwa umeoza.

Mfukoni nilikuwa bado na ule ukanda wa baiskeli uliofungwa kwenye kitufe. Nikakata duara kwa mkasi, nikatoboa katikati, nikaliweka, nikakaza.

Tulisimama sote wawili tukiitazama kwa muda mrefu. Haivuji.